Vigimbi vya Mjomba

Kwa miaka miwili fundi huyu alikuwa na kazi mbili, kujalidi vitabu na kumchukia mjomba wake, na zote mbili alizifanya kwa ustadi.

Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, mkabala na lango la kiwanda cha uchapaji. Mtu mwenye akili ya biashara angekiweka karibu na shule au mahakama, penye vitabu vya kuchakaa. Yeye alikiweka pale kwa sababu kila asubuhi, saa moja na nusu, mjomba wake aliteremka kwenye gari la wafanyakazi, akavuka uwanja wa kiwanda na kuingia ndani. Fundi alikuwa akipaka gundi mgongo wa kitabu huku jicho moja likimsindikiza mtu yule kutoka langoni mpaka mlangoni.

Watu walimwita Betri. Jina hilo alilipata ndani ya kiwanda hicho hicho, na aliyempa ni mjomba huyo huyo.

Alikuwa na miaka kumi na tisa mjomba wake alipomtafutia kazi. Mjomba alikuwa kitinda mimba wa upande wa mama, msimamizi wa chumba cha kujalidia, mfupi, kifua mbele, sauti ya kuita watu walio mbali hata akiongea na aliye karibu. Fahari yake ilikuwa vigimbi. Vilikuwa vinene ajabu, vimejaa kama mikate miwili iliyoumuka, na wakati wa chai alipandisha suruali hadi magotini akavipiga makofi. “Hii ndiyo misuli ya mtu anayefanya kazi,” aliwaambia vijana. “Nyinyi mna miguu ya kuku.”

Miaka ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kijana alijifunza kushona kurasa, kunyoosha jalada, kukata kingo zikawa laini kama shavu la mtoto. Lakini alipokaribia thelathini miguu ikaanza kumsaliti. Chumba cha kujalidia kilikuwa juu na stoo ya karatasi ilikuwa chini. Kati ya viwili hivyo palikuwa na ngazi ishirini na sita, na lifti ya mizigo iliyokufa zamani hata buibui wakaihama. Alianza kushika ukuta akipanda. Kisha akawa anavuta chuma cha ngazi kwa mikono miwili. Akichuchumaa kuokota kitu, aliinuka kwa kujisukuma mapaja kwa viganja, kama mtu anayejipanda mwenyewe.

“Vipi mpwa wangu, betri imekwisha chaji?” mjomba aliuliza siku moja, chumba kizima kikavunjika mbavu. Kuanzia hapo jina likaganda.

Yeye mwenyewe hakujua ana nini. Alijua tu kwamba akifika juu na mzigo, moyo ulimgonga hadi masikioni, na kwamba jioni alilala na viatu kwa kushindwa kuvivua. Aliomba apimwe. Daktari wa kiwanda alimlaza, akampaka mafuta ya baridi kifuani na kuutazama moyo kwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Aliona pampu inafungua na kufunga sawasawa, akaandika: *Moyo mzima. Hakuna sababu ya kupunguziwa kazi.*

Mjomba aliisoma karatasi hiyo wakati wa chai, amesimama juu ya kreti, mbele ya wafanyakazi thelathini na moja.

“Moyo mzima!” alisema. “Mmesikia? Basi ugonjwa wa huyu bwana naujua mimi. Unaitwa uvivu. Na msiseme nampendelea kwa kuwa ni mtoto wa dada yangu. Betri, shuka stoo ulete rimu mbili za karatasi kubwa. Sasa hivi, sote tuone.”

Alishuka. Alipandisha rimu mbili begani huku watu wamejipanga juu wakihesabu kwa sauti, “Kumi na tano! Kumi na sita!” kama wako uwanja wa mpira. Kwenye ngazi ya kumi na saba goti lilikunjika. Alianguka kinyumenyume na karatasi zikamfuata, zikamwagika ngazi nzima. Alivunjika mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega. Kilichomuuma zaidi ni kicheko kimoja alichokisikia akiwa chini, kilichoendelea hata wengine waliponyamaza. Alikitambua. Alikuwa amekisikia nyumbani kwao tangu utotoni.

Bega lilipopona alikuta barua ya kuachishwa kazi yenye saini ya mjomba: *Ni mvivu na hujisingizia ugonjwa.* Viwanda vya uchapaji mjini havikuwa vingi na wasimamizi wake walijuana. Kila alikobisha hodi, barua ilikuwa imeshafika. Mama yake alilia, kisha akafanya alichofanya siku zote, yaani kumtetea mdogo wake. “Ana mdomo mbaya, lakini hana roho mbaya.”

“Mdomo na roho vyake vinakaa nyumba moja, mama,” Betri alijibu.

Ndipo akafungua kibanda. Na mtu wa kwanza kumletea kazi alikuwa binti wa mjomba, mtoto pekee wa mtu yule, mkutubi wa shule ya sekondari. Alikuja na vitabu kumi na viwili vilivyokatika migongo. “Kaka, hawa wagonjwa wangu nakuachia wewe,” alisema. Juu ya baba yake hakusema neno, siku hiyo wala siku nyingine. Kila mwezi alileta kifurushi, akakaa kwenye kigoda nusu saa, wakazungumza. Betri alimpenda kama dada wa tumbo moja. Kwenye ile hesabu ya chuki yake, binti hakumwandika popote.

Aliyemfumbua macho ni daktari bingwa wa misuli katika hospitali kuu, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba, aliyeongea taratibu kama anayejaza fomu. Alimtazama akitembea hatua sita tu. Akamwomba aketi sakafuni na kuinuka. Betri alipojipanda mapaja kwa viganja, daktari akatikisa kichwa. Alimtoa damu ya kipimo cha vinasaba, na wiki kadhaa baadaye akamwita.

“Huu ni ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli, wa kurithi,” alisema. “Umezaliwa nao. Ngozi ya kila seli ya msuli inahitaji utando imara ili isichanike unapojikunja na kujikunjua. Wewe utando wako umeumbwa na kasoro. Kila ukifanya kazi, ngozi inachanika kidogo.”

“Na moyo? Waliniandikia moyo mzima.”

“Moyo nao ni msuli.”

Akamwomba aingie kwenye utafiti uliokuwa ukiendelea hapo. Siku ya kipimo Betri alilazwa kifudifudi ndani ya mashine ya sumaku, dakika arobaini bila kujitikisa, sauti za kugonga zikimzunguka kama watu wanabomoa ukuta. Mashine ile haikupiga picha ya moyo tu. Ilisikiliza kemikali ndani yake.

“Nitakueleza kama nilivyomweleza mama yangu,” daktari alisema alipopata majibu. “Moyo haupumziki, kwa hiyo unatumia nishati kila sekunde. Nishati hiyo hutengenezwa na vinu vidogo ndani ya seli, na pembeni pana akiba, ya kuchota pale unapopanda ngazi au unaposhtuka. Mtu mwenye afya, tukilinganisha akiba hiyo na ile nishati inayotumika, tunapata kama mbili. Wewe tumepata moja nukta tatu.”

“Lakini pampu…”

“Pampu yako bado inasukuma vizuri. Ndiyo maana mwenzangu aliandika alichoandika, na kwa alichokiona hakusema uongo. Kwenye seli zilizochanika madini yanavuja na kuingia ndani, vinu vinasongwa, mafuta mengi yanaungua na nguvu inatoka kidogo. Moyo unafanya kazi ileile kwa gharama kubwa zaidi. Upungufu wa nishati unaweza kutangulia miaka kabla pampu haijalegea. Ukiitazama pampu tu, unachelewa.”

Miaka yote ile Betri alikuwa amejishuku. Usiku mwingine alijiuliza kama kweli si mvivu tu, kama mjomba hakuona ukweli ambao yeye mwenyewe aliuogopa. Sasa uvivu wake ulikuwa na namba. Alitaka kucheka. Badala yake damu ilimchemka.

Daktari alimwandikia vidonge vya kuupunguzia moyo mzigo, akachukua karatasi tupu. “Hitilafu hii imetoka kwa mama yako. Wanawake huibeba, mara nyingi bila kujua, na wanaume huugua. Mama ana kaka?”

“Mmoja. Mdogo wake.”

“Anaumwa?”

“Ana nguvu kama ng'ombe. Ana vigimbi hivi,” Betri akaonesha kwa mikono, na mikono ikasimama hewani.

Daktari aliinua macho. “Vinene kupita kawaida?”

“Ndiyo.”

“Tangu ujana?”

“Tangu ujana.”

“Mara nyingi hivyo si misuli yenye nguvu. Ni mafuta na makovu yaliyojaa mahali pa misuli. Wapo wenye ugonjwa huu wanaotembea vizuri mpaka miaka hamsini na kitu, lakini moyo unakwisha kimyakimya.” Aliandika barua, akaitia kwenye bahasha na kuifunga. “Mpelekee. Aje apimwe, na nitazungumza naye kuhusu familia yake. Usikae nayo.”

Betri aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Alipofika kibandani aliiweka kwenye droo ya mkasi. Akakaa nayo.

Haikuwa usahaulifu. Kila asubuhi alifungua droo, akaitazama, akaifunga. Alihisi kama mtu aliyeshika kamba ambayo ncha yake ya pili imefungwa mguuni mwa mtu mwingine, na huyo mwingine hajui. Mama alipouliza daktari amesema nini, alijibu, “Ni bahati yangu mbaya tu, mama. Haimhusu mtu mwingine.” Uongo ule haukumsumbua.

Akaanza kumtazama mjomba kwa jicho jipya. Mwezi wa kwanza mjomba alivuka uwanja moja kwa moja. Mwezi wa tatu alianza kusimama katikati kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Mwezi wa tano simu yake ililia kila asubuhi mahali palepale, karibu na tangi la maji, akasimama kuipokea akiegemea tangi, na Betri, aliyekuwa ng'ambo ya barabara, hakusikia mlio wowote. Alikunywa chai yake pole pole, kwa raha, mpaka mjomba alipomaliza kuongea na hewa.

Jumapili moja mjomba alikuja kumsalimu dada yake. Alikaa kwenye kochi la chini, akala, akasimulia. Alipotaka kuondoka hakuinuka. Alijaribu mara moja, akajifanya anatafuta ufunguo. Mara ya pili aliweka viganja juu ya mapaja, akajisukuma, akajipanda mwenyewe kidogo kidogo mpaka akasimama wima, jasho puani.

“Umezeeka, mdogo wangu!” mama alicheka.

“Mafua tu, dada. Yamenichosha. Lakini daktari wa kiwanda amenicheki juzi. Moyo mzima.”

Betri alikuwa akimenya chungwa. Aliendelea kumenya. “Kama moyo ni mzima,” alisema bila kuinua uso, “basi ni uvivu.”

Mama alimkata jicho. Mjomba alicheka, lakini kicheko hakikufika mwisho. Alimtazama mpwa wake kwa muda, kama mtu anayetaka kuuliza njia na anaona aibu kukiri kwamba amepotea. Kisha akaaga. Betri alikula chungwa lote, na hakukumbuka tangu lini chungwa lilikuwa tamu vile.

Mwezi wa nane mjomba alivuka barabara. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika kibandani. Alisimama ameshika nguzo, akihema kwa mdomo, akasema kwamba amepandishwa cheo, anakuwa meneja wa uzalishaji, kutakuwa na hafla ndogo chumba cha juu kesho saa nne. “Njoo unywe soda, mpwa wangu. Yaliyopita yamepita.”

“Yamepita kwa nani, mjomba?”

“Ah, wewe nawe! Unaweka vitu moyoni.”

“Ndiko vinakokaa.”

Mjomba alimpiga bega lilelile lililovunjika, akarudi. Alipumzika mara mbili kabla ya kufika lango.

Kesho yake Betri alivaa shati safi, akatia ile bahasha mfukoni na kuingia kiwandani. Alizipanda ngazi ishirini na sita kwa fimbo, akikaa chini kila baada ya tano. Nia yake, kama alivyojiambia, ilikuwa kuisoma barua mbele ya watu wote kama yeye alivyosomewa yake. Hilo lingemtosha. Ndivyo alivyodhani.

Chumba kilijaa. Harufu ya gundi ilimkata maini. Mjomba alipanda juu ya kreti, akashukuru wakubwa, akasema yeye alianzia chini kabisa na kila alichopata alikipata kwa miguu hii. Akapandisha suruali. Watu wakapiga makofi. “Hata Betri yuko hapa!” akaongeza. “Leo amechajiwa!”

Kicheko kilekile.

Bahasha ilibaki mfukoni. Betri alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, tulivu, ikafika kila kona.

“Hongera, meneja. Lakini vijana wapya hawajaiona hiyo miguu ikifanya kazi. Rimu mbili tu kutoka stoo, kama ulizonipa mimi. Sote tuone.”

Wakashangilia. Walidhani ni utani wa kifamilia. “Meneja! Meneja!” Mjomba alitabasamu, akatazama huku na huku akitafuta mlango wa kutokea, lakini alikuwa ameujenga ukuta ule mwenyewe kwa miaka ishirini na hakuacha hata tundu. Alivua koti. Akashuka.

Betri alisimama kileleni pa ngazi, fimbo mkononi. Alijua. Kati ya watu wote pale ni yeye peke yake aliyejua kilichokuwa ndani ya kifua kile, akiba imekauka, vinu vinahangaika, pampu inajikaza kwa heshima tu. Mjomba alipanda ngazi sita kwa haraka ya kujionesha. Ya tisa alipunguza mwendo. Ya kumi na nne alisimama. Uso ulikuwa wa majivu. Aliinua macho, na macho yao yakakutana. Macho ya mjomba hayakuwa na kejeli yoyote. Yalikuwa yanaomba.

*Tua.* Neno moja. Lilifika kwenye ulimi wa Betri, likakaa hapo.

“Bado kumi na mbili,” alisema.

Mjomba alipanda mbili zaidi. Kisha rimu zikaponyoka, naye akaanguka pamoja nazo, bila kunyoosha mkono kujikinga, kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

Mzee wa mashine ya kukatia karatasi, aliyewahi kufundishwa huduma ya kwanza, ndiye aliyemkandamiza kifua kwa dakika tisa mpaka gari la wagonjwa likafika. Katika hospitali kuu walimpiga shoti ya umeme kifuani mara mbili. Moyo ukarudi. Betri alisimama palepale juu muda wote huo. Hakuna aliyemtazama.

Jioni yule daktari bingwa alimkuta kwenye benchi la wodi.

“Ile barua ulimpa lini?”

Betri aliitoa mfukoni. Pembe zilikuwa zimechakaa. Daktari alisoma tarehe juu ya bahasha, akaigeuza, akaona haijafunguliwa.

“Miezi minane,” alisema. “Ana watoto?”

“Mmoja. Binti.”

“Mwanamume mwenye hitilafu hii humpa kila binti yake. Kila mmoja, hakuna anayepona. Yeye anaweza asiumwe sana, ingawa moyo wake nao unahitaji kuangaliwa. Lakini akizaa mvulana, ni nusu kwa nusu. Hayo yote nilitaka niyazungumze nao mapema, kabla…” Akaacha. “Ameolewa?”

Betri aliona kigoda cha kibandani, na mkutubi amekaa juu yake mwezi uliopita, mkono mmoja juu ya tumbo, akicheka kwamba mtoto anapiga teke akisikia mlio wa nyundo.

“Ana mimba ya miezi sita,” alisema.

Siku ya tatu mjomba aliweza kuongea. Alimwita Betri peke yake. Alikuwa amelala juu ya mito mitatu, nyaya kifuani, vile vigimbi vimetulia chini ya shuka kama vitu vya mtu mwingine.

“Daktari amenieleza,” alisema. “Mimi na wewe ni ugonjwa mmoja.”

“Ndiyo.”

“Ulijua?”

“Nilijua. Barua yako ilikaa kwenye droo ya kibandani miezi minane.”

“Pale kwenye ngazi ulijua?”

“Nilijua, mjomba.”

Mzee alifumba macho. Betri alikuwa ameisubiri saa hiyo kwa miaka, ameifanyia mazoezi akiwa peke yake, na alikuwa na maneno yake tayari. Akayasema. “Nilipoanguka mimi, ulicheka. Mimi sikucheka. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na ni ndogo.” Aliyasema vizuri, bila kukosea. Yalikuwa matamu. Mjomba machozi yalimtoka kando ya macho, yakaingia masikioni, na hakuwa na nguvu ya kuyafuta. Hata hayo yalikuwa matamu.

Alipogeuka, mkutubi alikuwa mlangoni.

Hakupiga kelele. Kesho yake alikuja kibandani, akakusanya vitabu vyake vyote, vilivyokwisha na visivyokwisha, hata kile ambacho gundi yake ilikuwa mbichi ikamchafua gauni. Betri alisimama.

“Dada, mimi na baba yako…”

“Baba yangu alikukosea,” alimkatiza. “Nilijua. Kwa nini unafikiri nilikuwa naleta vitabu vya shule nzima? Vingine nilivikata migongo mwenyewe ili nipate cha kuleta. Mimi nilikukosea nini?”

“Hukunikosea.”

“Nilikaa hapa.” Alionesha kigoda. “Kila mwezi. Na droo ile iko hapo, hatua moja. Uliniuliza tutamwita nani mtoto.”

Betri aligeuka akaitazama droo.

“Akiwa mvulana,” mkutubi alisema, “na ugonjwa akawa nao, daktari hatamweleza. Mimi sitamweleza. Siku atakayouliza kwa nini wenzake wanakimbia, nitamleta kwako. Utamweleza wewe, ukimtazama usoni. Utaanza na bahasha.”

Akaondoka na vitabu vyake. Njiani kimoja kilidondoka, akashindwa kuinama. Betri alitoka kumsaidia, lakini mpaka afike na fimbo yake mpita njia alikuwa amekwisha kumwokotea.

Mama alihama. Alisema anakwenda kumsaidia mkutubi mpaka ajifungue, akachukua masanduku yote mawili. Mlangoni alimwambia mwanawe maneno machache tu: “Nilikuwa namtetea yeye kwako. Sasa sijui nimtetee nani kwa nani.”

Mtoto alizaliwa miezi mitatu baadaye, salama, mvulana. Wakampima damu. Mkutubi alimtumia Betri ujumbe wa neno moja: *Anao.*

Mjomba hakurudi kiwandani. Walimpa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, cha kuushtua moyo ukipotea njia, na cheo kikaenda kwa mtu mwingine. Betri alihamisha kibanda karibu na mahakama. Hakukuwa tena na cha kutazama ng'ambo ya barabara.

Yeye na mjomba wanaonana mara moja kila miezi mitatu, kwa sababu kliniki ya misuli ni moja na siku yake ni moja. Hukaa benchi lilelile, mmoja huku, mwingine kule, fimbo mbili zimeegemea ukuta. Kwa muda mrefu hawakusemeshana. Kisha asubuhi moja, baada ya wote wawili kutoka kwenye mashine ya sumaku, mjomba alisafisha koo.

“Yako ngapi?”

Betri alijua anauliza nini. “Moja nukta tatu. Haijashuka.”

“Yangu moja nukta sifuri.”

Kitu kiliruka kifuani mwa Betri, cha zamani, kikali, kama mtoto wa shule aliyempita jirani yake kwa alama. *Amenishinda miaka yote, sasa nimemshinda kwa nukta tatu.* Hakujivunia furaha hiyo. Aliiacha ikae, kwa kuwa ilikuwa yake na alikuwa ameilipia.

Mjomba alikuwa akitazama mikono yake. “Binti yangu aliuliza lini watampima mtoto moyo kwenye mashine hii,” alisema. “Wakamwambia mpaka afike umri wa kulala kimya dakika arobaini.”

“Hiyo ni miaka minane, tisa.”

“Ndiyo. Mimi sitakuwepo.” Aliinua macho akamtazama mpwa wake. “Wewe unaweza kuwepo.”

Muuguzi alitoka akaita namba. Ilikuwa ya mjomba. Alijisukuma mapaja kwa viganja, mara ya kwanza akashindwa, mara ya pili pia. Betri alimtazama. Hakumpa mkono. Mara ya tatu mjomba alisimama, akachukua fimbo na kuingia, na mlango ukafungwa nyuma yake.